Acheni Kuchangia Sindano Isiyokuwepo

Mchungaji mmoja wa hapa Goma, mwenye spika kubwa na jenereta isiyozimika, aliwatangazia waumini wake Jumapili iliyopita kwamba sindano ya kuwasimamisha waliopooza miguu imekwisha kupatikana, ila Wazungu wanaificha. Kisha kikapu kikapita. Zinatafutwa dola za kumpeleka India kijana aliyepigwa risasi ya mgongo huko Masisi, akachomwe hiyo sindano. Watu walitoa. Mama muuza samaki wa sambaza alitoa mtaji wake.

Nimechoka na hii sindano. Kila mtu mjini anaijua na hakuna aliyeiona. Risasi ikishakata neva zilizomo ndani ya uti wa mgongo, hakuna dawa inayoziunga, iwe Delhi au New York.

Si kwamba wanasayansi hawajajaribu. Dawa ya methylprednisolone ilisifiwa sana Marekani mwaka 1990, kwa sharti ianze kutolewa ndani ya saa 8 baada ya kuumia. Saa 8! Majeruhi wa huko vijijini Walikale saa hizo bado yuko kwenye machela, mabegani mwa watu, barabara haijaonekana. Na mwaka 2013 wapasuaji wa neva wa Marekani wenyewe wakashauri isitumiwe: faida haikuthibitika, madhara yapo. Fampridine nayo iliruhusiwa huko mwaka 2010 kuwasaidia kutembea wagonjwa wa multiple sclerosis, ambao ganda la neva zao limeliwa. Ilipopelekwa kwa walioumia uti wa mgongo, majaribio makubwa yakaanguka.

"Na video hii?" mjomba wangu akanisogezea simu. Panya waliopooza wanatembea. Ni kweli, Chuo Kikuu cha Northwestern kilitangaza habari hiyo Novemba 2021: walichomwa sindano siku moja tu baada ya kuumizwa, na wiki nne baadaye wakatembea. Hongera kwa panya. Lakini Mjomba, hao panya hawakulala miezi mingapi sijui kwenye godoro lililolowa mkojo wakisubiri viza ya India.

Kwani unadhani kijana yule atakufa kwa kukosa kutembea? Atakufa kwa kidonda cha makalio na kwa mkojo. Asiyehisi matako yake hajui kuwa nyama inaoza chini yake: mfupa unabana ngozi dhidi ya kitanda, damu haipiti, na kwa saa chache tu ngozi imeanza kufa. Kibofu nacho hakijimwagi, mkojo hurudi juu na kuharibu figo. Haya mawili ndiyo yanayoua. Dawa yake ni mikono ya mtu wa kumgeuza kila saa 2, sonde safi ya kutoa mkojo, na godoro zuri. Hakuna mchungaji aliyewahi kupitisha kikapu kwa ajili ya sonde.

Ludwig Guttmann, daktari Myahudi aliyeikimbia Ujerumani ya Hitler, alifungua wodi ya waliopooza hivi huko Stoke Mandeville, Uingereza, Februari 1944. Kabla yake, askari aliyevunjika mgongo alihesabiwa maiti anayesubiri siku. Guttmann hakuleta sindano ya kutembea. Aliamuru wageuzwe kila saa 2, mchana na usiku, na akachunga vibofu vyao. Wengi wakaishi. Mwaka 1948 akawashindanisha kwa upinde na mshale wakiwa kwenye viti vya magurudumu, na ndiko ilikoanzia michezo ya Paralimpiki.

Sisi tuna farmasi. Pale mtaani Birere unauziwa dexa, yaani dexamethasone, bila karatasi ya daktari, dada zetu wanaimeza wanenepe, na sasa nasikia wanauziwa hata waliopooza, eti inafungua neva. Inafungua mlango wa maambukizi, basi. Na huyo huyo mgonjwa, akipata kiti cha magurudumu, atakisukuma wapi? Juu ya mawe ya volkano ya Nyiragongo? Kwenye ofisi zetu zenye ngazi kumi na mlinzi anayekufokea usiegeshe hapo?

Ipo dawa moja inayowainua watu kitandani, na ndiyo msiyoihubiri, wachungaji. Kifua kikuu kikiingia kwenye uti wa mgongo, mgongo hupinda, miguu hulegea, na jirani husema mtoto karogwa. Huyo akiwahi hospitali, akameza vidonge vya kifua kikuu miezi yote anayoambiwa, mara nyingi hutembea tena. Dawa hizo hutolewa bure nchini kwetu. Lakini kitu cha bure hakijazi kikapu.

Christopher Reeve, yule Superman wa sinema, alivunjika shingo mwaka 1995. Alikuwa na pesa, madaktari na shirika lake la utafiti. Oktoba 2004, akitibiwa kidonda cha kulalia kilichoingia maambukizi, moyo ukasimama akafa, na hakuwa ametembea. Kama sindano ingekuwa imefichwa, angefichwa yeye?

Wenye dola, Shirika la Umoja liko hapa hapa Goma. Limezoea kazi ya miguu bandia na viti vya magurudumu. Kaulizeni huko kijana wa aina ile anahitaji nini. Na ninyi mlio naye nyumbani, mgeuzeni leo usiku.