Jikoni Jumapili Hii: Mishikaki ya Kuku ya Kihindi

Katika fukwe za Kendwa, kaskazini ya kisiwa cha Unguja, jua linapoanza kutua hunukia kitu kimoja kabla ya vyote: kuku aliyerowekwa viungo, akigeuzwa taratibu juu ya makaa. Wageni huketi mchangani wakingoja sahani zao. Aliyesimama nyuma ya moshi, kipepeo mkononi, aghalabu ni kijana wetu wa Nungwi, au wa Mkokotoni, au aliyevuka bahari kutoka Tanga kutafuta riziki. Kwa usiku mmoja huchoma mishikaki isiyohesabika, kisha akarejea kwake na harufu yake nguoni. Mwulize kama watoto wake nao huila, naye atakujibu kwamba hicho ni chakula cha hotelini.

Hapo ndipo safu hii haikubaliani naye. Bei ya sahani moja ya hotelini mara nyingi yatosha kununulia kuku mzima katika soko la Darajani, na kuku huyo, akikatwa kwa akili, hulisha jamaa nzima. Viungo vyenyewe, kama si vyote basi vingi, vyatoka mashambani mwetu. Kilichobaki ni kuujua mpango wa kazi, na mpango huo si siri ya mtu.

Wako wanaodhani kwamba chakula hiki hakiwezekani bila ya tanuri la Kihindi, lile la udongo linalochomwa hadi kufikia nyuzi 400 na zaidi. Neno lenyewe lisitutishe. “Tandoor” ya Wahindi na “tanuri” yetu ni neno moja, lililosafiri njia mbili likatufikia sote. Wala chombo chenyewe si kigeni pwani hii. Mikate ya mofa ya wazee wetu iliokwa kwa kubandikwa ubavuni mwa tanuri la udongo, kama Wapunjabi wanavyobandika mikate yao.

Tena, kwa haki ya historia, yafaa tukumbuke kwamba Wahindi waliohamia Unguja wengi wao walitoka Kachi na Gujarati, ambako upishi wa tanuri haukuwa desturi ya nyumbani. Kuku wa tanuri ni wa Punjabi na mipaka ya Afghanistan. Alipata sifa ya dunia baada ya India kugawanywa mwaka 1947, wakimbizi walipoingia Delhi na ufundi wao. Mmoja wao, Kundan Lal Gujral, aliyekuwa amefanya kazi ya mkahawa huko Peshawar, alikuwa miongoni mwa waliofungua mkahawa wa Moti Mahal mjini Delhi, na kutoka hapo kuku huyo akaenea katika mahoteli ya ulimwengu. Kwa hiyo anayekuambia kwamba mishikaki ya Kendwa ni urithi wa kale wa Mji Mkongwe anakutia chumvi. Urithi wa kale ni kuku wa kupaka, biriani na mishikaki ya nyama ya ng'ombe. Huyu ni mgeni aliyezoea nyumba.

Sasa tuingie jikoni. Nunua kuku mzima, wala usinunue kifua peke yake, kwani kifua ni ghali na hukauka upesi motoni. Kuku wa kisasa mwenye uzito wa kilo moja na nusu, ukimtoa mifupa na ngozi, hukupa karibu gramu 700 za nyama. Ikate vipande vya ukubwa wa kipande cha kashata ndogo, vyote sawasawa. Mshikaki wenye kipande kikubwa na kipande kidogo hauivi: kimoja huungua na kingine hubaki kibichi. Ukitia vipande vinne kwa kila kijiti utapata mishikaki saba, na ukiwa na jamaa kubwa zaidi utatia vitatu vitatu bila ya mtu kuona haya.

Kazi ya kuroweka ni ya hatua mbili, na hapa ndipo wengi wanapoharibu kwa kuchanganya kila kitu pamoja na kuondoka. Hatua ya kwanza ni chumvi kijiko kimoja cha chai, maji ya ndimu mbili, kitunguu thomu punje sita na tangawizi kiasi cha kidole gumba, vilivyotwangwa pamoja. Sugua nyama, uiache nusu saa tu. Ndimu ni kali. Ikikaa na nyama ya kuku usiku kucha huipika juu juu bila ya moto, na utakapoitafuna itakuwa kama chokaa kinywani. Baada ya nusu saa mwaga maji yote yaliyojitenga.

Hatua ya pili ni mtindi. Kikombe kimoja kikubwa chatosha, lakini kwanza ufunge mtindi huo katika kitambaa cheupe safi, uuning'inize kwa saa moja hadi maji yadondoke na ubaki mzito. Usiruke jambo hili. Mtindi wa majimaji hudondokea makaa, ukazima moto na kuiacha nyama uchi, ilhali mtindi mzito hushika kama koti. Uchachu wake ni mpole kuliko wa ndimu, kwa hiyo nyama yaweza kukaa ndani yake saa nne hadi sita, hata usiku kucha, ikalainika bila ya kuharibika.

Ndani ya mtindi huo tia giligilani vijiko viwili vya chai, bizari nyembamba (Unguja huitwa uzile) kijiko kimoja, manjano nusu kijiko, pilipili ya unga kwa kadiri ya watoto wako, pilipili manga kidogo, hiliki tatu, kipande cha mdalasini na karafuu mbili, pamoja na mafuta vijiko viwili vya kulia. Giligilani na bizari nyembamba uzikaange kavu kwanza kwa moto mdogo hadi zinukie, ndipo uzitwange. Unga wa pakiti uliokaa dukani miezi mingi ni vumbi lenye rangi. Karafuu nimesema mbili, nami nakusudia mbili. Kisiwa kilichopanda karafuu tangu mwanzoni mwa karne ya 19 kinajua kwamba ya tatu itayafunika mengine yote.

Na ule wekundu unaouona hotelini? Mara nyingi ni rangi ya kopo. Ukiutamani, tafuta mbegu za mzingefuri, mti ambao watembezaji wageni katika mashamba ya viungo hupenda kuupasua tunda na kujipaka midomoni ili watu wacheke. Mbegu zake hutumika kutia chakula rangi katika nchi nyingi. Zipashe moto polepole katika mafuta yale vijiko viwili, uzichuje, na mafuta yatakuwa mekundu. Ukizikosa, kuku wa manjano ana utamu ule ule.

Papai bichi nalo lina nafasi yake, lakini si hapa. Utomvu wake huvunjavunja nyama, na ndiyo sababu wachomaji wa nyama ya ng'ombe hulipenda. Kuku wa kisasa akikutana nalo huwa uji. Ukiwa na kuku wa kienyeji aliyekwisha kukimbia sana maishani mwake, basi kijiko kimoja cha papai lililosagwa, kwa nusu saa, chaweza kumsuluhisha.

Neno moja zito juu ya joto letu la pwani. Nyama ya kuku iliyorowekwa ikae ndani ya jokofu. Usiiache mezani kwa kutegemea kwamba ndimu na chumvi vitaihifadhi, havihifadhi. Asiye na jokofu, au ambaye umeme wake umekatika, airoweke kwa muda mfupi, isizidi saa moja kwa jumla, kisha achome. Itakuwa tamu vilevile ikiwa vipande ni vidogo. Mtindi uliobaki bakulini umegusa nyama mbichi, hivyo usiupake juu ya nyama iliyoiva wala usiufanye mchuzi wa kuchovya. Ubao na kisu vioshwe kwa sabuni kabla ya kukatia kachumbari. Maradhi ya tumbo ya watoto yaweza kuanzia kwenye ubao mmoja.

Vijiti vya mwanzi viroweke maji nusu saa ili visiungue. Spoki za baiskeli, zilizokuwa zikitumiwa na wachomaji wengi mitaani, hatuzishauri, kwa kuwa nyingi zimepakwa madini yasiyofaa kuingia motoni pamoja na chakula. (Vijana siku hizi wakisema “mishikaki” humaanisha abiria wawili nyuma ya pikipiki moja. Hiyo pia hatuishauri.)

Mwenye ua na atumie seredani. Vifuu vya nazi vilivyoungua vizuri hutoa kaa kali lenye harufu njema. Ngoja ndimi za moto zife na makaa yavae jivu jeupe, kisha weka kiganja chako juu yake pale itakapokaa nyama. Ukiweza kuhesabu hadi nne kabla ya kukiondoa, moto umefaa. Geuza kila baada ya dakika mbili au tatu, na karibu na mwisho pakaza samli kwa brashi safi. Dakika kumi hadi kumi na mbili huwa zatosha. Kata kipande kikubwa kuliko vyote: maji yatoke meupe na ndani pasiwe na wekundu wowote.

Wewe unayeishi ghorofani, Michenzani au Kariakoo, usiwashe jiko la mkaa ndani ya chumba kwa hali yoyote. Hewa ya sumu itokayo kwenye mkaa haina harufu, nayo huua watu wakiwa wamelala. Tumia gesi na kikaango kizito cha chuma, kilichopata moto hasa, uipange mishikaki bila ya kuisonga. Kisha, ukitaka moshi, iga Wahindi wenyewe. Tia nyama iliyoiva katika sufuria, weka katikati kibakuli kidogo cha chuma, ndani yake kaa moja tu lililowashwa juu ya gesi dirisha likiwa wazi. Lidondoshee samli, ufunike mara moja, uhesabu dakika tatu, kisha ulizime kwa maji. Ni kufukiza tu, kama unavyofukiza nguo kwa udi, ila safari hii chetezo kimekwenda kumtembelea kuku.

Jambo moja hunishangaza. Barabarani, Forodhani na huko Kendwa, wachomaji wa mishikaki karibu wote ni wanaume, nao husifiwa kwa mkono wao. Wakifika nyumbani kwao, mkono huo huo hauijui hata njia ya jikoni. Siku ya Jumapili baba hayuko kazini. Mama aroweke asubuhi, baba asimamie moto jioni, na watoto wapepee.

Kula kwa chapati au wali mweupe, na chatne ya ukwaju, na kachumbari iliyotiwa ndimu dakika ile ile ya kula. Mifupa na mabawa usitupe. Vitie sufuriani usiku huo huo na tangawizi, chumvi na pilipili manga, vichemke taratibu kwa saa moja, na Jumatatu alfajiri kutakuwa na supu ya moto kabla ya watu kutoka kwenda kazini.