Mshahara hukatwa kodi. Je, pesa inayoingia kwa simu?

Huku Malindi na Kilifi kuna dhana imeota mizizi: kodi ni ya walioajiriwa, sisi wa kujitegemea hatumo. Hatukubaliani nayo. Tena tunaona ukiiamini, wewe ndiwe utakayeumia.

Tuchukue watu wawili. Wa kwanza ni karani wa hoteli Watamu, mshahara 50,000 kwa mwezi. Kabla hajauona, mwajiri ameshakata NSSF 3,000, SHA 1,375, ada ya nyumba 750 na PAYE karibu 5,850. Anabaki na takriban 39,000. Nauli ya matatu kutoka Gede anajitolea mwenyewe, na haimpunguzii kodi hata senti.

Wa pili ni mpiga picha wa harusi mjini Malindi. Kwa simu yake huingia wastani wa 50,000 kwa mwezi, yaani 600,000 kwa mwaka, na hakuna anayemkata. Lakini viwango ni vile vile: 10% ya 24,000 za kwanza kwa mwezi, 25% ya 8,333 zinazofuata, kisha 30%, halafu anapunguziwa 2,400. Tofauti ni kwamba yeye hutozwa kwa faida, si kwa kila kilichoingia.

Hapo ndipo penye pesa. Akithibitisha kuwa 240,000 zilikwenda kwa mafuta, bando na vifaa, faida ni 360,000 na kodi ya mwaka ni 18,000. Bila ushahidi, kodi ya 600,000 ni 88,600. Risiti tu zimemgharimu 70,600! Na hapo hatujahesabu SHA na ada ya nyumba, ambazo naye anatakiwa kulipa.

Kuna jambo jingine la pwani yetu. Pesa nzuri huja Disemba hadi Machi, wageni wakiwa wengi. Salio la kodi ya mwaka uliopita linadaiwa Aprili 30, na fomu hufungwa Juni 30: mvua ya masika, hoteli nyingine zimefunga, kazi hakuna. Karani hukatwa kidogo kidogo. Wewe deni linakukuta mfuko mkavu. Na kodi yako ikizidi 40,000 kwa mwaka, sheria inakutaka uilipe kwa awamu nne.

Kwa hivyo ushauri wetu ni huu. Tenga laini au till ya kazi, pesa ya mchango wa harusi isichanganyike na malipo ya wateja. Pakua taarifa ya miamala kila mwezi, ila usiitegemee peke yake: inaonyesha pesa imetoka, haisemi ilinunua nini. Dai risiti ya eTIMS. Na malipo yakiingia msimu wa wageni, weka kando fungu la kodi siku hiyo hiyo.

Utasema, "Mimi napata kidogo." Sawa. Faida isiyozidi 288,000 kwa mwaka haibaki na kodi ya mapato ya kulipa. Lakini ukiwa na PIN na unapata kipato, fomu ya iTax ni lazima, na kuchelewa faini yake haipungui 2,000.

Aliyeajiriwa ana mtu wa kumfanyia hesabu. Wewe mhasibu ni wewe mwenyewe, na mali bila daftari hupotea bila habari.