Maziwa Mepesi Si Lazima Yawe na Maji

Mwaka juzi mkwe wangu aliuza ng'ombe wawili wa kienyeji akanunua Friesian mmoja. Maziwa yakawa mengi mno, lakini haukupita mwezi ila mwenye hoteli ya chai akamwambia mbele ya watu, "Mzee, maziwa yako umeyatia maji." Mzee aliona haya sana. Yalipopimwa kwa laktometa, hayakuonekana maji hata kidogo. Je, kosa lilikuwa la nani?

Halikuwa la mtu. Mafuta ya maziwa hufuata ukoo wa ng'ombe. Katika kilo 100 za maziwa ya Jersey, mafuta hukaribia kilo 5. Katika yale ya Friesian huwa kilo 3 na nusu hadi 4. Ng'ombe wetu wenye nundu hutoa maziwa machache, lakini mazito. Hata hivyo, Friesian asidharauliwe: kilo 20 zenye mafuta 3.5 kwa mia, na kilo 14 zenye 5 kwa mia, zote zina gramu 700 za mafuta.

Wala mtu asidhani kwamba jambo hili ni la mama peke yake. Fahali hakamuliwi, lakini ndama hurithi nusu kutoka kwake. Mafuta kwa mia hutegemea urithi kuliko wingi wa maziwa unavyoutegemea. Mwaka 2002 wataalamu walieleza habari za jini moja iitwayo DGAT1: namna moja ya jini hiyo huongeza mafuta, lakini hupunguza wingi wa maziwa. Ndiyo sababu ni vigumu kuvipata vyote viwili.

Chakula nacho kina kazi yake. Ng'ombe akilishwa unga mwingi na majani machache, mafuta hushuka. Lakini majani hayawezi kumgeuza Friesian kuwa Jersey.

Basi, msomaji, kabla ya kuagiza mbegu kutoka Kabete, jiulize kwanza: wauza wingi, au wauza mafuta? Kisha uulize binti za fahali huyo hutoa maziwa ya namna gani, wala usitazame umbo lake tu.

Mkwe wangu alimpandisha Friesian wake kwa mbegu ya Jersey, naye amezaa mtamba. Itapita miaka miwili na zaidi kabla hajakamuliwa. Mwenye hoteli amekwisha kuomba radhi. Sasa wanangoja pamoja.