Herufi Moja Isimfukuze Mama

Wahenga walinena, lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Leo nawaomba wahenga radhi, kwani lililosemwa nyumbani kwetu mwaka jana halikuwepo wala haliji.

Binamu yangu mdogo alilazwa hospitalini akilia kwa maumivu ya mifupa. Damu ilipopimwa, ikaonekana ana ugonjwa wa selimundu. Basi maneno yakaanza. Ati mkosi umetoka kwa kina mama yake. Ati katika ukoo wetu hakuna ugonjwa kama huo. Mke wa ami akafunga virago, akarudi kwao na mtoto mgongoni. Mimi nilinyamaza, maana sikuwa na la kusema.

Nikaazima kitabu cha bayolojia cha kidato cha nne, kwa kuwa jenetiki sisi wa cha tatu hatujaifikia. Ndugu msomaji, niliyoyasoma humo ndiyo haya. Ndani ya seli zetu mna uzi mrefu uitwao DNA. Umbo lake ni kama ngazi ya kamba iliyosokotwa. Watson na Crick walilieleza mwaka wa 1953, wakisaidiwa na picha za eksirei kutoka kwa kazi ya mwanasayansi wa kike, Rosalind Franklin. Vidato vya ngazi hiyo vimeundwa kwa herufi nne: A, T, G na C. A hushikana na T, nayo G hushikana na C.

Kabla seli haijagawanyika, ngazi hiyo hufunguka katikati kama zipu ya mkoba. Kila upande huwa kielelezo: penye A huja T, penye G huja C. Mwishowe tunapata ngazi mbili zinazofanana, kila moja ikiwa na upande wa zamani na upande mpya. Meselson na Stahl walithibitisha hayo mwaka wa 1958. Vimeng'enya husahihisha makosa kama mwalimu mwenye kalamu nyekundu. Lakini kosa likipenya, nalo hunakiliwa kwa uaminifu ule ule, kizazi hata kizazi.

Selimundu ni kosa la namna hiyo. Katika jeni ya himoglobini, herufi moja tu, A, iligeuka kuwa T zamani sana. Sasa sikilizeni vizuri. Mtoto hupata nakala moja ya jeni kwa baba na nyingine kwa mama. Mwenye nakala moja yenye kosa kwa kawaida haugui. Binamu yangu ana mbili: moja ya mama, moja ya baba! Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, kila mimba ina uwezekano wa robo moja wa kupata mtoto mgonjwa.

Na mbona kosa hili limeenea huku kwetu kando ya Ziwa Victoria na kule Pwani? Daktari Anthony Allison, aliyekulia hapa Kenya, alionyesha mwaka wa 1954 kuwa mwenye nakala moja hupata kinga fulani dhidi ya malaria. Huo ni mkosi kweli, jamani?

Jioni moja nilimweleza nyanya, huku nikifungua na kufunga zipu ya mkoba wangu. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza, "Kwa hivyo mwanangu aliipata kwangu ama kwa babu yako?" Nikajibu, "Ndiyo nyanya, kwa mmoja wenu." Tangu siku hiyo sijamsikia akitaja mkosi. Lakini mke wa ami bado yuko kwao.

Maoni yangu ni haya. Kwanza, wazazi wapimwe wote wawili kabla ya kutupiana lawama. Pili, somo hili lisingoje kidato cha nne, kwani wengi huacha shule kabla ya kulifikia. Tatu, Chama chetu cha Kiswahili kisiishie kwenye mashairi na ngonjera. Siku ya wazazi tusimame tuwaeleze mambo haya kwa lugha wanayoielewa.

Sisi wa shule ya kutwa hurudi nyumbani kila jioni. Tuliyojifunza mchana tuyaseme usiku, kabla mama mwingine hajafunga virago.