KIOO CHA DAKTARI NACHO KIKAGULIWE



Sisi watu wa reli twajua kwamba taa ya ishara ikififia, au jua likiipiga usoni, dereva hawezi kuitegemea. Inawaka, lakini haionekani. Ndiyo maana taa hukaguliwa kabla ya ajali, si baada yake. Leo twasema habari za taa nyingine: kioo cha kompyuta ambacho daktari husomea picha za eksirei.

Mwenzetu mmoja alianguka kutoka kwenye behewa akaumia kifundo cha mkono. Akapigwa picha katika kituo kimoja cha matibabu. Picha ikasomwa mchana, katika kompyuta ya ofisi iliyoelekea dirisha. Akaambiwa mfupa ni mzima, akarudi kazini. Baada ya wiki tatu mkono ulikuwa bado umevimba. Picha ile ile ilipotazamwa mahali pengine, katika chumba chenye mapazia, ufa ukaonekana.

Hatumlaumu daktari. Dereva halaumiwi kwa taa chafu.

Zamani picha ya eksirei ilikuwa filamu, ikitundikwa mbele ya sanduku la taa. Siku hizi nyingi ni za kompyuta. Mwaka 2015 Serikali ilianza mpango wa kukodi mashine za hospitali, za eksirei zikiwamo, kwa hospitali mbili katika kila kaunti, Trans Nzoia na Bungoma pia. Ni jambo jema. Lakini mashine hupiga picha tu. Anayeisoma ni mtu, na jicho lake hutegemea kioo.

Ufa mwembamba, au kifua kikuu kinapoanza, huonekana kama tofauti ndogo baina ya kijivu na kijivu. Mwanga wa dirisha ukianguka juu ya kioo, weusi wa picha hugeuka kijivu, na tofauti ile hupotea. Tena taa iliyo ndani ya kioo hufifia kidogo kidogo mwaka hata mwaka. Jicho hulizoea jambo hilo, hata anayekitumia kila siku asitambue.

Wataalamu wa picha wa Marekani wameweka kipimo: kioo cha kusomea kiweze kutoa mwangaza wa kandela 350 kwa kila mita mraba, na cha picha za matiti 420. Vioo vingi vya ofisi havifiki hapo. Wala mtu asidhani kuongeza mwangaza peke yake ni dawa. Kioo chapasa kurekebishwa ili kila daraja ya kijivu ionekane, na chumba kiwe na mwanga hafifu, bila kuwa giza tupu.

Madaktari bingwa wa picha ni wachache, na wengi wako Nairobi. Kwa hiyo yako mazoea ya kupiga kioo picha kwa simu na kuituma. Anayeipokea akiitazama juani, ataona nini?

Kwa mfanya kazi jambo hili ni mkate. Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya mwaka 2007 yatupa haki, lakini fidia hufuata karatasi ya daktari. Karatasi ikisema mzima, umepoteza mkono na fidia pamoja.

Basi twadai mambo matatu. Kwanza, kila hospitali ya Kitale na Bungoma iwe na chumba cha kusomea chenye mapazia. Pazia si ghali. Pili, vioo vipimwe kwa kifaa kila mwaka, na tarehe ibandikwe hapo hapo, kama tuonavyo kwenye vizima moto. Tatu, matajiri wanaowapeleka wafanya kazi kupimwa waulize jambo hili kabla ya kulipa.

Nawe ndugu, maumivu yasipokwisha, usione haya. Omba nakala ya picha yako, nayo isomwe tena. Ni haki yako.

Umoja ni nguvu.