Majibu Kwanza, Kofia Baadaye

Mama mmoja wa Mukuru aliniuliza swali fupi nilipokuwa nachota sampuli kwenye mtungi wake: "Kijana, haya maji ni sawa ama?" Nikamwambia tutapima, nitarudi. Hiyo ni miezi kumi na minne iliyopita. Maji yalipimwa. Majibu ninayo kwenye laptopu. Yeye hana.

Mimi ni mwanafunzi wa uzamifu katika afya ya umma, kwa hivyo sisemi haya kama mtu wa nje. Nilipouliza kama naweza kurudi mtaani, niliambiwa ningoje kazi ichapishwe kwanza. Kanuni za vyuo vikuu nchini zinataka mwanafunzi wa uzamifu achapishe angalau makala mawili kwenye majarida ya kitaaluma. Sawa. Lakini jarida linaweza kukaa na kazi yako mwaka mzima, na watu wanakunywa maji kila siku.

Kinachonikera zaidi ni lugha. Fomu ya kuomba ridhaa lazima iwe kwa lugha anayoielewa mhojiwa. Kwa hivyo tukitaka muda wake, damu yake na siri za choo chake, Kiswahili tunakijua vizuri sana. Tukishapata, ghafla Kiswahili hakina istilahi. Wasee, hiyo si sayansi. Huo ni ujanja.

Na nani alitufungulia milango? Mhamasishaji wa afya ya jamii. Serikali ilizindua wahamasishaji 100,000 mwaka wa 2023, kwa posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi. Yeye ndiye anajua mtoto wa nani anaharisha na ploti gani choo kimejaa. Sisi tunamtaja kwenye ukurasa wa shukrani bila jina, halafu tunaenda kuitwa Dkt.

Wapo watakaosema uzamifu ni kujenga maarifa, si kugawa dawa ya maji. Nakubali kwamba maarifa yanahitaji subira, na matokeo yasiyokaguliwa yanaweza kuzua taharuki. Lakini mwaka wa 1854 kule London, John Snow hakungoja wataalamu wote wakubaliane naye kuhusu kipindupindu. Alipeleka ushahidi kwa wasimamizi wa mtaa, na mpini wa pampu ya Broad Street ukaondolewa. Kisa hicho tunafundishwa mapema kabisa darasani, tunakisifu, kisha tunazoezwa kufanya kinyume chake.

Sharti liwe hivi: kabla ya kutetea tasnifu, mtahiniwa aonyeshe kwamba amerudi. Baraza moja mtaani, karatasi moja ya Kiswahili kinachosomeka, na mhamasishaji akikubali, jina lake liandikwe pale juu. Watahini wamuulize: uliwaambia nini, na wao walikujibu nini? Asiyerudi asivae kofia, hata kama takwimu zake ni moto kiasi gani.

Mimi sitangoja sharti hilo lipitishwe. Jumamosi narudi Mukuru. Maji ya yule mama hayakuwa sawa. Nitamwambia ayachemshe ama ayatie dawa, na nitamweleza kwa nini nimechelewa hivi. Hiyo sehemu ya pili bado sijui nitaianza vipi.