Fisi wa Ngano na Fisi wa Ruma

Katika ngano za Kiswahili, fisi ni mlafi, mjinga na mwoga. Hukumu hiyo imezoeleka hata mtu mwenye uchu huitwa fisi bila kufafanuliwa. Ni haki ya fasihi kumtumia mnyama apendavyo mtambaji. Si haki ya jamii kuichukua ngano kuwa elimu ya mazingira.

Ikolojia inatoa ushahidi tofauti. Wanyama walao nyama hudhibiti idadi ya walao nyasi, huondoa wagonjwa na wadhaifu, na huyafanya makundi yasikae mno mahali pamoja, nyasi zikapata nafasi ya kuchipua. Kaskazini mwa Serengeti, si mbali na Migori, ujangili uliwapunguza simba na fisi katika miaka ya 1980. Nyamera, swala pala na taya wakaongezeka. Wawindaji hao waliporejea, idadi ya swala ikashuka. Tembo na kiboko, kwa ukubwa wa miili yao, hudhibitiwa zaidi na chakula.

Hata hivyo, hoja hii ina mipaka yake. Mbuga ya Taifa ya Ruma, katika Bonde la Lambwe, Kaunti ya Homa Bay, ina takriban kilomita za mraba 120 na imezungushiwa uzio. Humo ndimo makao ya mwisho ya korongo nchini Kenya, yaani yule swala mkubwa, si ndege. Sensa ya wanyamapori ya mwaka 2021 ilihesabu korongo 15 tu. Kwa kundi dogo kiasi hicho, ndama mmoja akiliwa ni msiba. Lakini dawa ya msiba huo ni kuwalinda ndama, si kuwaangamiza fisi na chui.

Wala mfugaji asibezwe. Mbuzi wake ni karo ya mtoto. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inatambua fidia. Ikicheleweshwa, maskini mmoja hulipia peke yake nyasi za taifa zima, naye hushawishika kutia mzoga sumu. Sumu haichagui: humuua fisi, ikamuua na tai.

Kwa mintarafu hiyo, fidia ilipwe kwa wakati. Nao wanafunzi wa Kiswahili, bila kuzifuta ngano za kale, watunge nyingine ambamo fisi ana kazi, si tumbo pekee.